Aliyetoka Misri Bila Kutembea

Usiku ule nililala na hasira, na niliyemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa na mkutano wa sinagogi. Sisi Wayahudi wa huku juu, kwenye baridi na mashamba ya viazi, ni familia chache tu. Chumba kimoja cha mabati kinatutosha sote. Mwenyekiti wetu, Mzee Ezra, alitangaza kwamba Pasaka hii tutakuwa na wageni kutoka ng'ambo, kwa hiyo kila kitu kitafuata kitabu cha ibada. Vitendawili, hapana.

"Hao ni watu waliosoma," alisema. "Sitaki waende wakaseme tunaichezea Torati kama hadithi za jikoni."

Watu walinigeukia mimi. Vitendawili vilikuwa vya babu yangu, Babu Amosi. Kila Sabato, ikishasomwa sehemu ya Torati ya wiki ile, alisimama akatutegea vitatu au vinne kutokana na yaliyosomwa. Siku ya Pasaka alitega mpaka watoto wakasahau usingizi. Alipokuwa anakufa aliniachia mimi kazi hiyo. Nami mbele ya mkutano mzima nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Basi nikalala, nikajiona niko jikoni kwa babu, mchana, namenya viazi. Mlango ukasukumwa, akaingia yeye na gambuti zake zenye matope. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba hilo si jambo la kumuuliza. Akaketi juu ya gunia.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Kuni zangu zinawaka kutwa, lakini sijawahi kuzoa jivu."

"Kile kijiti alichokiona Musa jangwani."

Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kiazi kingine, na mkononi si kiazi tena, ni donge la unga, na jikoni kumejaa watu wanaofunga mizigo. Hakuna anayesema tunakwenda wapi. Mama mmoja ananipokonya donge kabla halijaumuka, analifunga kwenye shuka, analitupia begani. Ukuta wa udongo unalainika, unang'aa, unakuwa maji yaliyosimama wima, na katikati yake kuna njia kavu. Watu wanapita. Nawaona majirani zangu. Namwona Mzee Ezra akiharakisha, kitabu amekikumbatia kifuani. Babu peke yake bado ameketi kwenye gunia.

"Babu, inuka, tunaachwa!"

"Kitendawili."

"Sasa hivi?"

"Kitendawili, Dina."

"Haya, tega."

"Nilitoka Misri na wenzangu wote, lakini sikupiga hatua hata moja."

"Mtoto mchanga," nasema. Anakataa. "Unga." Anakataa. Maji yananguruma, na watu wa mwisho wanatupita.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Nakuru."

"Siutaki."

"Basi chukua Misri yote!"

"Mmeshaiacha hiyo. Utanipaje?" Ananitazama kwa macho yale yale yasiyomwonea mtu haya. "Ezra hakukutegea hata kimoja, na wewe ukampa miji yote."

Namjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea alipokuwa hai: "Simpi tena! Wala wewe sikupi. Jibu nitalipata mwenyewe!"

Hapo ndipo anacheka. Namshika, namtupa mgongoni. Ni mwepesi, mwepesi kupita kiasi, na naingia naye katikati ya maji, huku naisikia mifupa yake, mmoja mmoja, ikigusana na mgongo wangu.

Niliamka nikipiga kelele: "Mifupa ya Yusufu!"

"Mifupa ya nani?" Mume wangu aliketi kitandani, akipapasa kutafuta tochi.

Nikamweleza. Yusufu alifia Misri, lakini aliwaapisha ndugu zake kwamba siku watakapotoka wasimwache kule. Siku yenyewe ilipofika, kila mtu akiwa na haraka zake, Musa aliibeba mifupa ile. Ndivyo alivyotoka Misri bila kutembea: alikuwepo wa kumbeba.

Mume wangu akaipata tochi, akanimulika. "Basi babu yako anakataa kuachwa," akasema.

Kulipokucha nilikwenda kwa Mzee Ezra, nikamkuta zizini anakamua. Sikungoja anikaribishe.

"Mzee, Pasaka nitatega vitendawili."

"Mama Ruthu, si tulikubaliana?"

"Ulikubali wewe. Mimi nilinyamaza, na nimeacha kunyamaza."

"Watatucheka."

"Waache wacheke. Torati yenyewe inangoja mtoto aulize ndipo mkubwa asimulie. Kama kuulizana ni mambo ya jikoni, basi Pasaka nzima ni ya jikoni. Ukinizuia sinagogini nitatega nyumbani kwangu, mlango wazi, na anayetaka kuja aje."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Nikamtegea kile kitendawili cha babu, neno kwa neno, nikageuka kwenda zangu. Nilikuwa nimeshafika langoni aliponiita.

"Mama Ruthu! Ni vile vyombo vya dhahabu walivyochukua kwa Wamisri?"

"Hapana."

Akatoka zizini, ndoo mkononi, maziwa yakimwagikia viatuni. "Sasa ni nini?"

"Jibu utalisikia siku ya Pasaka, mzee," nikamwambia. "Wewe na wageni wako."