Gari Lililojua Tunapanda

Nilikuwa fundi magari hapa Lushoto kwa miaka kumi na minane kabla sijanunua mashine ya kusoma namba za hitilafu. Baada ya kuinunua niliitii kama askari. Ikitaja sensa, kile kidude cha kupimia, nang'oa sensa.

Ndivyo nilivyolifanyia gari la mkunga mmoja mstaafu, anayekaa njia ya Irente. Taa ya injini ilikuwa inawaka. Nikachomeka mashine chini ya usukani, ikasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Nikabadilisha sensa ya hewa, nikafuta namba, taa ikazimika. Baada ya siku nne akarudi. Nikasafisha nozeli zinazopuliza petroli. Akarudi tena.

"Shikamoo mama," nilimwamkia, macho yangu yakiwa chini.

"Marahaba mwanangu. Taa yako imewaka."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaniuliza kwa upole, "Umewahi kuniuliza inawaka nikiwa wapi?"

Sikuwahi.

"Nikishuka Mombo haiwaki. Nikipandisha, nikishaipita Soni tu, hiyo. Mimi mzazi akija nilikuwa namuuliza uchungu unamjia akiwa amelala au akitembea. Wewe gari unalipima limesimama."

Kesho yake asubuhi tukateremka naye hadi Mombo, tukageuza. Yeye aliendesha. Mimi nilipakata mashine, nikafungua ukurasa unaoonyesha vipimo wakati injini inafanya kazi. Kulikuwa na kimoja ambacho sikuwahi kukijali: mgandamizo wa hewa ya nje. Pale Mombo kilisoma tisini na sita. Kona za kwanza, tisini na tano. Nikadhani ni hitilafu nyingine. Tisini na tatu. Tisini na moja.

"Mama, simama kidogo."

Akasimama, na namba nayo ikasimama. Tukaondoka, ikaendelea kushuka.

"Gari linajua tunapanda mlima," nikamwambia.

"Linajuaje?"

"Linapima hewa. Huku juu hewa ni nyepesi, basi na lenyewe linapunguza petroli ili vilingane."

Akakata kona nyingine. "Miaka yote hii?"

"Tangu lilipoundwa."

Mimi nimezaliwa milima hii, nimebebwa mgongoni huku, nimekwenda shule kwa miguu kwenye miteremko hii. Sijawahi kuhisi hewa ikipungua. Na kumbe kidude kisichozidi kiberiti kilikuwa kinaihisi kila kona, na mimi nilikuwa nakizungushia spana bila kujua.

Tulipoipita Soni, kwenye mwinuko mkali, kipimo cha petroli kwenye mashine kikaruka na taa ikawaka. Nikamwomba aegeshe bila kuzima injini. Nilifungua boneti nikasimama pembeni, nikamwambia akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aguse mafuta kidogo. Injini ikajiinua, kama inavyofanya ikivuta mlimani, kwa sababu mpira unaoibeba ulikuwa umechoka. Ilipojiinua, ikalivuta bomba linaloipelekea hewa. Chini ya bomba, mahali ambapo jicho halifiki, ufa ukafunguka kama mdomo. Alipoachia, ukafumba, usionekane tena. Hapo ndipo hewa ilipokuwa inaingia bila kupimwa. Nikamwomba arudie. Kisha nikamwomba arudie tena, ingawa nilikwisha kuona.

Alipozima injini akaja kutazama, nikamfumbulia ule ufa kwa vidole. Akasema neno la Kishambaa ambalo mama yangu hulisema akiona mvua ya mawe.

"Kwa hiyo mashine ilisema kweli," akaongeza.

"Ilisema kweli tupu, mama. Mimi ndiye ambaye sikuielewa. Naomba unisamehe."

Akanipiga begani taratibu, akarudi kwenye usukani.

Nilibadilisha bomba na ule mpira. Wiki iliyofuata akanipigia simu: amepandisha kutoka Mombo mara mbili na taa haijawaka. Nikadhani amemaliza, lakini hakukata.

"Ile namba ya hewa," akasema, "kule Mlalo, ndani zaidi milimani, itakuwa ngapi?"

"Sijui, mama."

"Basi chukua mashine yako twende tukaone."

Siku hiyo nilifunga gereji saa sita mchana.