Chungu cha Mtu Mmoja

Kazi yangu mpakani, kando ya mto Songwe, ilikuwa kuhakikisha hakuna anayepitisha malighafi ya bomu. Serikali iliahidi mataifa mengine kwamba silaha za maangamizi hazitasambaa kupitia kwetu, na ahadi hiyo, ikishashuka ngazi zote za ofisi, ilinifikia mimi na geti linalopima mionzi. Bomu sikuliona hata siku moja. Nilichoona ni malori ya mbolea, mikungu ya ndizi, na mvua ya Kyela ambayo ikianza haijui adabu.

Nilikuwa mgeni. Watu wa huku hupenda kula pamoja, na anayekula peke yake hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi nilikula peke yangu, mlango nimeufunga, na nilijua majirani wanasema nini.

Aliyenipunguzia upweke ni mama mmoja mfinyanzi kutoka Ikombe. Alikuwa akivuka kwenda Malawi na vyungu vichache ndani ya tenga, na akirudi hukaa kwenye benchi langu, tukala wali na usipa, dagaa wa ziwani, aliofunga kwenye jani la mgomba. Siku moja nikamwomba anifinyangie chungu kidogo, cha mtu mmoja.

"Cha mtu mmoja?" Akacheka. "Mwanangu, kwetu hicho hatufinyangi. Mgeni akija utampa nini?"

Nikanunua kikubwa. Mgeni wangu alikuwa yeye tu.

Kisha biashara ikamnyookea. Kwa mara ya kwanza akakodi kirikuu, kigari cha mizigo, akakijaza vyungu mpaka juu. Kilipoingia getini, geti likalia.

Sababu niliijua. Udongo una mionzi yake kidogo ya asili, kama ndizi zilivyo nayo. Chungu kimoja geti halikisikii. Vikijaa gari, linavisikia. Lakini utaratibu haumwulizi mtu anajua nini. Gari likawekwa kando, watu wakasogezwa, tukavaa glavu na barakoa, tukashusha vyungu kimoja kimoja na kuvipima mbele ya soko zima la hapo mpakani. Mama alisimama nyuma ya kamba, mikono kifuani, akinitazama kama hanijui.

Vipimo vikaonyesha ni salama, nikamwambia apite. Lakini soko lilikuwa limeshaziona glavu. Ng'ambo hakununua mtu. Walisema vyungu vile vina sumu ya bomu, mwanamke akipikia uzazi unafunga. Mama akarudi na kirikuu kimejaa vilevile, akapita bila kukaa.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Kesho yake nikaleta chungu changu kazini, nikapika wali na usipa nje, karibu na benchi, kila mtu aone. Nilitaka waone tu kwamba chungu ni chungu, ili mama apate kurudi. Wenzangu wa zamu wakanitania: "Ukianza kuwaka gizani utuambie, tuokoe umeme wa luku."

Nikamkaribisha kila aliyepita. "Ndaga," wakanishukuru kwa Kinyakyusa, wakisema wameshiba. Soko zima lilikuwa limeshiba, saa ya njaa. Nikala peke yangu mbele ya macho yao, na upweke ule sikuwahi kuuonja hata nyuma ya mlango wangu.

Mama hakuonekana tena. Niliwauliza wanaotoka Matema, jirani na Ikombe, wakasema anauza hukohuko ufukweni, habari za mpaka hataki kuzisikia.

Masika yalipokaribia kwisha, mwanamke muuza samaki akaweka kitu kwenye benchi langu, kimefungwa kwa majani ya mgomba.

"Yule mama wa Ikombe anakusalimu."

Nikafungua. Kilikuwa chungu kidogo, kimesuguliwa vizuri, kina kifuniko chake, cha kutosha konzi moja ya mchele. Nilikigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha, kwa mazoea tu, nikapita nacho getini. Halikulia.

Jioni nikapikia humo. Nilishiba, na cha kumwekea mgeni hakikubaki.