Rangi ya Namba Arobaini na Mbili

Mume wangu hakai kitako. Tangu astaafu kupaka rangi injini za mvuke kwenye karakana ya reli, anatengeneza injini ndogo za bati, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na kuzipaka rangi zilezile zilizokuwa nazo injini zenyewe zamani. Zilezile, si za kukaribiana. Aliwahi kubandua rangi ya injini nzima kwa sababu mistari ya manjano ubavuni mwa tangi ilikuwa ya miaka kumi baadaye. Nikamuuliza nani atajua. Akasema, "Mimi."

Watu humwita Fundi, na mimi pia namwita hivyo nikiwa sina hasira. Yeye ananiita Bi Stoo, kwa sababu nilikuwa karani wa stoo ya rangi katika karakana hiyohiyo. Hakuna kopo la rangi lililotoka bila saini yangu. Tunataniana tangu siku aliyokuja kuomba rangi nyeusi akaondoka na ahadi ya kunywa chai na mimi, na mpaka leo hatumalizi jambo bila kurushiana maneno.

Miezi miwili iliyopita alikuja mjane wa rafiki yake, yule dereva wa injini namba arobaini na mbili. Alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali, na alitaka aende na mfano wa injini ya mumewe. Alileta picha moja tu: marehemu amesimama kwenye ngazi ya injini, kifua mbele. Picha yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe.

"Ilikuwa ya kijani," Fundi akasema papo hapo.

"Damu ya mzee," nikasema mimi.

Sikuwa nabahatisha. Mwaka wangu wa mwisho stoo, injini zote zilizotoka kwenye matengenezo makubwa zilipakwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Kijani ilikuwa ya mabehewa. Daftari langu la mwisho nimelihifadhi, na humo imeandikwa kwa mwandiko wangu: namba 42, makopo sita ya damu ya mzee. Nikamwekea mezani. Akalisoma, akavua miwani, akaivaa, akalisoma tena.

Basi amani ikatutoka. Akaipaka injini kijani. Kesho yake akaikwangua kwa msasa. Akaipaka damu ya mzee, akaizungukazunguka, akaikwangua tena. Nyumba nzima ikanuka tapentaini, na vumbi la rangi nikalikuta hadi kwenye mito ya kulalia. Anaanza chai, anainuka, anakwenda dirishani kuikodolea macho ile picha. Ukimuuliza jambo, anakujibu la jana. Na mimi, kwa kuwa daftari lilikuwa upande wangu, sikumwacha apumue. Kila alipopita nilimuuliza kama mabehewa yake yamekauka.

Siku moja alisimama mlangoni na brashi mkononi.

"Bi Stoo," akasema, "kama mkono wangu uliipaka nyekundu na kichwa changu kinaona kijani, basi kichwa kimeanza kuniaga."

Hakuwa anatania. Nami nilikuwa nimeyaona mengine: funguo ndani ya jagi la maji, jina la mkwe wetu kumpotea mara mbili katika wiki moja. Yote niliyafunika kwa utani. Siku hiyo niliogopa. Nililichukua daftari nikalisukumia uvunguni, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu niliomba niwe nimekosea.

Zilipobaki siku tatu mjane asafiri, nikakumbuka makopo ya bati ambayo madereva walibebea chakula. Injini ikitoka kupakwa, mafundi walikuwa wanapaka kopo la dereva wake kwa rangi iliyobaki, ili kwenye rafu ya karakana kila kopo lijulikane ni la injini gani. Mtindo huo aliuanzisha Fundi mwenyewe, na chini ya kila kopo alilolipaka aliweka nukta tatu nyeupe. Hata mimi alinipakia kopo langu la pini, na nukta zake, kabla hajathubutu kunitamkia neno.

Sikumwambia kitu. Kama kopo lingekuwa jekundu, sikutaka awe ametumaini bure. Nilisema tu kwamba naenda kumuaga mjane, naye akang'ang'ania kuja, maana kukaa hawezi.

Tulimkuta katikati ya maboksi.

"Dada," nikamuuliza, "lile kopo la chakula la marehemu bado unalo?"

"Ninalo. Nawekea vifungo."

Akaenda chumbani, akarudi nalo. Pembeni lilikuwa limechubuka hadi bati likaonekana, lakini lilikuwa la kijani.

Nikakaa juu ya boksi bila kukaribishwa. Fundi akacheka kwa sauti.

"Sasa nakumbuka vizuri," akasema. "Yale makopo sita uliyotupatia tuliyafungua, rangi imeganda kama jiwe. Tukachukua kijani ya mabehewa."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Nani angekwambia? Karakana nzima ilikuwa inakuogopa."

"Hata marehemu," mjane akasema.

Ni kweli nilikuwa sitoki stoo, na injini nilizijua kwa makaratasi tu. Lakini sikujali. Nilifurahi mno. Mume wangu alikuwa mzima, na aliyekosea ni mimi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa tayari nishawaza jinsi atakavyonisimanga mwaka mzima, na nilikuwa naungoja mwaka huo kwa hamu.

Fundi akamimina vifungo kwenye kitambaa, akaligeuza kopo ili rangi ipate mwanga. Chini yake kulikuwa na nukta tatu nyeupe, zimepangwa sawasawa. Akazipapasa kwa kidole gumba.

"Shemeji, hii kazi safi," akamwambia mjane. "Huyu fundi alikuwa nani?"

Mjane akanitazama. Mimi nikamtazama Fundi usoni, nikitafuta kama ananichokoza. Hakuwa ananichokoza.

"Ni wewe," nikamwambia.

Akacheka, akanipiga begani kidogo.

"Bi Stoo," akasema, "wewe huachi utani."