Mahari Iliyobaki Ndani ya Mashine, Bunia

Niliondoka nyumbani Bukoba kwa sababu ya mjukuu ambaye sikuwahi kumwona. Mwanangu Projestus alikwenda kuchimba dhahabu huko Ituri, Kongo, akaishi Bunia na binti aitwaye Pélagie, ambaye asili ya kwao ni Mahagi. Wakapata mtoto wa kike. Proje alinipigia simu mara tatu akiniomba niende kutoa mahari. Mara tatu nilimjibu kwamba watu hao siwajui na sina haja ya kuwajua. Kisha shimo likamwangukia. Alizikwa huko huko, nami sikwenda.

Mwaka wa pili baada ya msiba, Pélagie alinitumia ujumbe wa sauti. Mwanamume mwingine alikuwa amekuja kumposa. Kwa desturi yao, mtoto ambaye baba yake hakutoa mahari ni wa upande wa mama, na wakipenda wanaweza kumpa jina la baba mpya. Mjomba wake alikuwa amepanga kikao cha ukoo Jumamosi.

"Baba mukwe," alisema, "ukifika na mahari mbele ya kikao, Kemilembe anabaki mutoto ya Proje. Kama haukufika, mimi sitakuwa na neno ya kusema."

Kemilembe ni jina la marehemu mama yangu. Sikujua kwamba Proje alimpa mtoto wake jina hilo.

Jumanne, Bukoba. Niliuza ng'ombe watatu na kuiweka fedha yote benki. Mke wangu Adventina alitaka nibebe dola mkononi. Nikamwambia barabara ya kule ina vizuizi na watu wenye bunduki, na kwamba kadi yangu ina alama ile ile inayobandikwa kwenye mashine za dunia nzima. Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha kahawa kwa miaka mingi, na karani hapendi kufundishwa mambo ya fedha. Ili kumridhisha nilinunua noti tatu tu za dola mia. Nilizikunja mara nne kila moja, kama mama yangu alivyokunja fedha ya kahawa akaifunga pembeni ya kanga, nikazishonea ndani ya ukanda wa suruali. Nilizipiga pasi kwa juu ili zisitokeze. Benki sikuwaambia kwamba nasafiri. Kwa nini niwaambie? Fedha ni yangu.

Jumatano, Kampala. Nilijaribu kadi kwenye mashine iliyokuwa karibu na kituo cha mabasi. Ilinisemesha Kiingereza, nikabonyeza, ikatoa shilingi za Uganda bila kusita. Nililipia tiketi ya kwenda na kurudi na kubakiza za chakula. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Katika basi nilikaa na Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge wa Bunia, mwanamke mnene mwenye kicheko. Nilipomweleza safari yangu aliacha kutafuna karanga.

"Na mahari iko wapi, muzee?"

Nikapiga mfuko wa shati. "Iko kwenye kadi."

"Yesu! Shuka utoe yote hapa. Mashini ya kwetu, siku moja inatoa, siku moja inakataa. Inategemea réseau, ile mtandao."

"Mama, hii ni kadi ya kimataifa."

"Ah, sawa. Na mashini ya Bunia, banaiambia kama ni ya kimataifa?" Abiria wa nyuma wakacheka. Akafungua daftari la shule lililokuwa kifuani mwake, akanionyesha kwa haraka dola zake zimelala katikati ya kurasa, zimenyooka kama majani makavu ya kitabu cha biolojia. "Kwetu dola inalala vile. Haikunjwe."

Niliangalia dirishani. Basi lilikuwa bado halijaondoka. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kushuka.

Alhamisi tulivuka mpaka na kulala Mahagi. Ijumaa alfajiri tulianza barabara ya kushuka Bunia, nyuma ya malori matano, kwa kuwa hakuna dereva aliyetaka kuwa peke yake. Vijiji vingine vilikuwa na watu na vingine vilikuwa na milango tu. Kwenye kizuizi cha tatu kijana mwenye bunduki alitushusha na kupekua mifuko. Aliishika kadi yangu, akaigeuza, akanirudishia kama mtu anayerudisha kifuniko cha chupa. Mama Furaha aliniangalia, nami nikamkonyeza. Kwa saa ile hesabu yangu ilikuwa sahihi, na usahihi huo ndio ulionimaliza.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Bunia. Mji una vumbi jekundu, pikipiki nyingi na magari meupe ya mashirika. Sikutaka kwenda kwa wakwe mikono mitupu, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja benki. Mashine ilikuwa ukutani nje, na mlinzi mwembamba mwenye sare ya bluu alikuwa amekaa karibu nayo juu ya kiti cha plastiki. Alipoona kadi yangu alisimama.

"Muzee, ngoja kwanza. Ile ni karte ya inje? Ingia ndani kwa guichet, kwa dirisha ya karani. Leo hii mashini haiko muzuri."

Nyumbani tumefundishwa kwamba mtu anayekusogelea kwenye mashine ya fedha ni mwizi. Niliona namna alivyoitazama kadi, nikajiambia, huyu ndiye. Nikamwambia arudi nyuma hatua tano.

"Weye usiogope, muzee. Nataka kukusomea tu."

"Nilijua kusoma kabla hujazaliwa."

Alirudi nyuma, tena zaidi ya hatua tano, na kukunja mikono. "Sawa. Weye ndiyo mwenye karte."

Niliingiza kadi. Maneno yalikuja kwa Kifaransa. Nilivua kofia nikaziba nayo vitufe na kioo, nikabonyeza namba ya siri chini yake, nikaandika kiasi. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Maneno mapya yakatokea: *Retirez votre carte.* Nilijua kwamba *carte* ni kadi. Neno la kwanza sikulijua. Nikadhani wanataka nithibitishe jambo fulani. Niliendelea kuziba kioo kwa kofia, nikitafuta kitufe cha kukubali. Kadi ilikuwa imetokeza nusu, naamini, maana baadaye nilikumbuka kuona ukingo wake. Ikaanza kulia pii, pii, pii.

"Muzee!" mlinzi akaita kutoka kule nilikomweka.

"Kaa huko!"

Ikalia mara moja zaidi, ikavuta kadi ndani, na kioo kikarudi kwenye picha ya familia inayotabasamu.

Mlinzi alikuja polepole. Hakucheka. "Ilikuandikia toa karte yako. Muda ikiisha inaimeza, juu mwizi asiikute. Nilikuwa naona ile kofia yako, sikuona maandishi."

Ndani, karani wa benki alinisikiliza kwa adabu. Mashine hufunguliwa Jumatatu. Tena kadi ya benki ya nchi nyingine haikabidhiwi mtu. Huharibiwa mbele yake kwa karatasi ya kutia sahihi. Nilimwonyesha pasipoti, nikamweleza habari ya mahari, nikajikuta namweleza hata habari ya Proje. Alisema, "Pole sana, papa," akafunga dirisha, kwa kuwa muda wa kazi ulikuwa umekwisha. Nilimpigia Adventina. Lakini akaunti ile ilikuwa kwa jina langu peke yangu. Bila mimi mwenyewe kufika dirishani, asingeweza kutoa hata senti. Hakunilaumu. Aliuliza kama nimekula.

Nilibaki na noti tatu. Nilifumua ukanda chooni kwenye nyumba ya wageni na kuzipeleka kwa mama mmoja mbadilisha fedha aliyekaa nyuma ya kimeza chenye mafungu ya faranga, ili nihakikishe. Aliinua ya kwanza juani. Pale mikunjo ilipokutana pasi ilikuwa imekata tundu dogo kama tobo la sindano. Akainua ya pili. Ya tatu hakuiinua. Aliona mwanga ukipita ingali mkononi mwangu.

"Hii hatukamate, papa. Hata kwa mashimo ya dhahabu habakamate."

"Ni dola halali!"

"Ni halali. Lakini imepasuka."

Usiku ule nilifikiri kurudi mpakani kimya kimya. Najua aibu hiyo, nami naiandika hapa kwa kuwa ni kweli: nilifunga begi.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Pélagie, ambaye jana nilimwambia tu nilipofikia, alikuja mwenyewe kunichukua, kabla sijaamua lolote. Ni mrefu, mpole, ana kovu dogo kidevuni. Njiani nilimwambia yote. Alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikitupigia honi.

"Baba, kwa nini haukuniambia jana?"

Proje naye angeweza kuniuliza hivyo.

Nyumba ya wakwe ina ua mpana, kile wao wanachokiita lupango. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa. Katikati palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe na sahani moja tupu. Kwao mahari ya fedha huwekwa kwenye sahani kwa mkono wa baba, waziwazi, na mjomba huinua kila noti kwenye mwanga. Mjomba huyo, Mzee Uringi, ana lori la kusafirisha maharagwe kati ya Mahagi na Uganda. Msichana wa miaka sita alileta maji ya kunawa. Alikuwa na masikio ya Proje. Akaniambia, "Jambo, papa mugeni," akapita kwa mwingine.

Niliweka zile noti tatu kwenye sahani. Mzee Uringi akainua moja, jua likapenya tunduni.

"Mukwe," akasema, "hii ni mahari ama ni chujio?"

Watu wakacheka. Nikasimama kueleza habari ya kadi, ya kofia, ya mlinzi. Shangazi mmoja aliyekuwa mlangoni akapiga makofi.

"Mashini imekula mahari! Basi mashini ndiyo mukwe yetu. Tuwapelekee mutoto benki!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kilipotulia, niliona kwamba nikiishia kwenye kadi nitakuwa nimesema uongo. Nikawaambia kwamba mashine imemeza mahari jana tu, lakini mimi niliimeza miaka saba iliyopita. Kwamba kijana wao na wangu aliniita mara tatu. Kwamba nilisema siwajui, na sikutaka kuwajua, na kwamba alikufa akisubiri nibadili neno. Nikasema, "Sikuja kudai mtoto. Nimekuja kuwasalimu kwa kuchelewa." Kisha nikakaa.

Pélagie alikuwa anatazama chini. Mzee Uringi alizirudisha noti mbili mbele yangu. Ya tatu akaiweka kifuani mwake.

"Kwa Uganda kuko mwenye anakamata hii, kwa bei ya chini," akasema. "Itatoa mbuzi. Kwetu mbuzi ya kwanza inafungua lupango. Hailipi nyumba, inafungua tu. Mutoto anabaki hapa na mama yake. Jina ya Proje inabaki juu yake mupaka mavuno ya mwaka unaokuja. Kabla ya pale, weye utaleta mahari ingine, kwa mukono yako. Ukikosa, jina inatoka. Nimesema vibaya?"

Hakuna aliyesema amesema vibaya. Shangazi akaongeza, "Na usikunje!"

Tulikula bugali na samaki wa ziwani. Mtoto alirudi na maji. Mama yake akamnong'oneza jambo, mtoto akaniangalia kwa mashaka, kisha akasema, "Nawa, babu," akanimwagia mengi hadi kwenye viatu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, nilikwenda benki. Nilitia sahihi, wakaikata kadi yangu vipande viwili. Nje, mlinzi alikuwa kwenye kiti chake. Nilimvulia kofia na kumwomba msamaha.

"Haina neno, muzee. Kila mutu ananiona mwizi ya mashini," akasema. "Lakini ile kofia! Nilisema huyu anaificha picha ya bibi yake."

Nilirudi kwa tiketi niliyokwisha kulipia, nikila karanga na ndizi kwa shilingi zilizobaki. Nyuma ya malori, kwenye vizuizi vilevile, hapakuwa na cha kunipora, lakini niliogopa zaidi kuliko wakati wa kwenda, maana sasa kulikuwa na mtu atakayenisubiri.

Kwa wenzangu mtakaosafiri: waambieni benki mnakokwenda. Mtu wa mahali akiwaambia ingia ndani, ingieni. Mashine ikitoa fedha mji mmoja, msiifanye kuwa ahadi ya mji mwingine, na dola za kupeleka Kongo zisiguswe na pasi. Hayo ni ya safari. Lingine ni langu: maneno niliyohitaji yalikuwa mbele yangu, na mtu wa kunisomea alikuwa hatua tano tu, pale nilipomweka mwenyewe.

Mavuno ya kwao yamekaribia. Pélagie ameniambia mbuzi yule wa noti yenye tundu amezaa. Noti za safari hii zimelala kwenye atlasi yangu ya zamani ya shule, hazina mkunjo, na Adventina hunikataza hata kuufunga ule ukurasa kwa nguvu. Ni ukurasa wa Kongo.