Mtihani wa Katoro, Mama Mkwe Mlangoni

Siku ya mtihani wangu wa mwisho niliamka na furaha isiyokalika. Chuo kiko Ulaya, mimi niko Katoro, nimejifungia chumba cha nyuma ya duka letu la spea za pikipiki, kompyuta imeegemea gunia la mchele. Nilikuwa nasomea elimu ya watoto wadogo, na chuo chenyewe sijawahi kukikanyaga. Mtihani ulikuwa wa kuulizwa kwa mdomo na mwalimu kupitia kompyuta, na masharti yake makali: kaa peke yako, usitoke mbele ya kamera. Ukitoka, mtihani umefutwa, mwaka unarudiwa.

Nilikuwa najibu vizuri, tena kwa mbwembwe, mlango ukafunguka. Mama mkwe. Ametoka Bukombe na kapu la michembe, viazi vya kukaushwa anavyojua navipenda, wala hakupiga simu.

Sikufikiri. Kwetu Wasukuma mkwe haamkiwi umeketi, magoti yakakunjika yenyewe. Nikapotea kwenye picha, niko sakafuni namwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka mayu." Naye bila haraka akaulizia watoto, mume, mvua, na ng'ombe ambao hata sina. Nilijibu vyote huku kamera ikitazama kiti kitupu.

Nilipoinuka, mwalimu alikuwa bado ananitazama. Akauliza nilikuwa chini na nani. Nikamwambia ukweli: ni mama wa mume wangu, na kubaki kitini mbele yake nisingeweza hata kwa cheti. Akaandika kitu. Nikajua mwaka umekwenda na maji.

Kisha akaomba kumwona. Mama mkwe, ambaye kijiji kizima amekiambia kwamba mke wa mwanawe anashinda akipiga soga na kompyuta, akasogea kwenye kamera, akamkazia macho mwalimu, akaniuliza mbona huyu mtu hasalimii. Nikatafsiri huku natamani ardhi inimeze. Mwalimu akacheka, akaomba afundishwe, akatamka shikamoo yenye kona nyingi.

"Marahaba," akaitikia mama. "Mwanangu amefaulu?"

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu tangu niolewe. Nikatafsiri. Mwalimu akasema kumwamkia mama si udanganyifu, hafuti mtihani, na majibu aliyokwisha kuyasikia yanatosha, nimefaulu, na tena nimefaulu vizuri. Nilimrukia mama mkwe shingoni, heshima yote nikaisahau, nikapiga kelele hadi bodaboda wa nje wakaingia mbio kuuliza nani kafa.