Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Vitabu vyangu vya watoto vinaanza na kifo. Ukurasa wa kwanza baba anafariki, ukurasa wa pili majirani wanakula pilau, na kutoka hapo ndugu wa marehemu wanaanza kuja mmoja mmoja kuwalea mayatima, kila anayekuja akiwa na vituko kumshinda aliyemtangulia. Kuna mjomba anayeuza vitanda watoto wakiwa wamelala juu yake. Kuna shangazi anayefuga kuku sebuleni na kuwalaza watoto bandani. Wanafunzi wangu wa Buruburu walivisoma wakashika mbavu. Wazazi wengine walikuja shuleni kuniuliza kama nina akili timamu. Niliwajibu kwamba ninazo, na za akiba.

Kwa hiyo kijana mmoja mwongozaji wa filamu alipokuja kuniambia kwamba anataka kuvifanya vitabu vile filamu ya kutazamwa na mzazi na mtoto wakiwa wamekaa kochi moja, filamu ya kuchekesha isiyoukimbia msiba, sikushangaa. Nilijivuna. Watu wa rika langu hufundishwa kusema kwamba hawakustahili, lakini mimi nilistahili na nilijua. Yule kijana alikuwa na adabu, akiniita mwalimu kila baada ya neno la tatu, na alitaka kupiga picha huku huku kwetu, Kaloleni, mtaa wa Nairobi nilikozaliwa na ambako mama yangu angali anakaa katika nyumba ile ile.

Tulielewana kwa mambo yote isipokuwa moja. Katika kitabu cha kwanza, siku ya tatu ya matanga, mwanamke mmoja anaingia nyumbani kwa wafiwa akiwa amevaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anamtania mjane mbele ya watu waliokuja kumpa pole.

"Mwalimu, hapo tumezidi," mwongozaji aliniambia. "Wenye pesa zao wamesoma, wanasema tunamcheka maiti mbele ya watoto. Hiyo sehemu tuitoe tu, hakuna mtu ataikosa."

"Ukiitoa, toa na jina langu."

Alidhani ni kiburi cha mwandishi. Kiburi kilikuwepo, sikatai, lakini hakikuwa ndicho kilichonipandisha sauti.

Baba alikufa kabla sijaanza shule. Alikuwa fundi wa stovu za mafuta ya taa pale Shauri Moyo. Asubuhi alitoka nyumbani mzima, adhuhuri wenzake wakamrudisha amelazwa kwenye mkokoteni, na jioni hiyo hiyo akazikwa Kariokor. Nina picha yake moja tu, ile ya kitambulisho chake cha kipande, uso na kola basi. Nimejaribu miaka yote hii kumkumbuka akinibeba, akinikemea, akinipa hata ndizi, na sipati kitu. Ninachokumbuka vizuri kabisa ni siku ya tatu.

Babu yake baba alikuwa Mnyamwezi, aliyefika huku na wapagazi wakati Nairobi bado ni mahema na matope, akaoa, akabaki. Sasa Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani, na pale Majengo alikuwepo mwanamke wa Kizigua, muuza mahamri, ambaye alikuwa mtani wa baba. Wakikutana njiani walitukanana mpaka mgeni akaingilia kuamua ugomvi. Kati ya watani hakuna kukasirika. Na akifa mmoja, mwenziwe ana kazi yake pale msibani, na hakuna shehe wala mzee wa mtaa atakayemzuia.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka tangu mazishi. Hakuwa amelia. Hakuwa amekula pia, na wanawake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba atawafuata waliotangulia. Mimi nilikuwa nimejibanza ubavuni mwake. Ndipo tukasikia kikohozi mlangoni, kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba mwenye nyumba amerudi, na mtani akaingia amevaa koti la baba lililokuwa limetundikwa msumarini barazani, kofia yake kichwani, pampu ya stovu mkononi.

"Salaam aleikum, walaji wa pilau yangu," alisema kwa sauti nzito. "Mmenipeleka Kariokor bila hata ukoko."

Watu wakashusha misahafu. Akaenda moja kwa moja kwenye stovu iliyokuwa ikichemsha chai ya wageni, akaiinamia, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Moto mkubwa hivi wa nini? Mafuta ya taa siku hizi yanachotwa mtoni?" Akaipunguza. Akamgeukia mama. "Na wewe mke wangu unanuna nini? Nikiwa hai uliniambia niondoke mbele ya macho yako. Nimeondoka, bado umenuna. Nifanye lipi?"

Nilihisi ubavu wa mama ukitikisika. Alicheka. Alicheka akajifunika uso kwa leso, kisha kilio kikaja nyuma ya kicheko, kirefu, chenye sauti, na kilipokwisha aliomba chai na hamri. Baba ninayemkumbuka mimi ni huyo aliyeingia mlangoni siku tatu baada ya kuzikwa. Sina mwingine.

Hayo yote nilimweleza mwongozaji, tumekaa kwenye kibanda cha chai karibu na mahakama ya Makadara, chai yetu ikipoa. Akasema, kwa uwazi, kwamba yeye si mwenye pesa, ila anaweza kufanya jambo moja: ataipiga picha sehemu ile, kisha filamu ikiwa tayari ataionyesha kwanza kwa watoto wa mtaa katika ukumbi wa jamii. Wakiicheka, itabaki. Wakiogopa, au wakinyamaza tu, itatolewa na mimi sitamlaumu. Nilikubali upesi kuliko nilivyopaswa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba nimemweka baba yangu mikononi mwa watoto wasiojua hata stovu ya pampu ni nini.

Mwigizaji waliyempata wa kumwigiza mtani alikuwa hodari, lakini kila akivaa lile koti alilia. Alilia vizuri, machozi ya kweli, na kila mtu pale akahuzunika, na ilikuwa si yenyewe kabisa. Nikaamua kwenda Majengo.

Mtani alikuwa yu hai, ameshazeeka, anatembelea mkongojo, ila ulimi ulikuwa ule ule. Nilimpa shikamoo, akaniambia nimenenepa vibaya, nikakaa. Nilimwomba aje amwonyeshe yule mwigizaji jinsi ya kufanya.

"Nimfanyie nani?" aliuliza. "Utani haufanyiwi hewani. Mfiwa yuko wapi?"

"Yupo dada anayeigiza mjane."

"Huyo kafiwa na nani?"

Ilibidi niende kwa mama.

Hapa lazima niseme kwamba mama hakuwa mtu wa kumzungumzia baba. Si kwa chuki. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, akanijibu, "Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu," akainua sufuria akaenda nayo jikoni. Baada ya majibu ya namna hiyo mara kadhaa, mtoto huacha kuuliza. Hata vitabu vyangu alivipanga kabatini pamoja na sahani za wageni, na sikujua kama amewahi kuvifungua. Sasa mimi nilikuwa nikimtaka akakae tena juu ya mkeka, mbele ya kamera na vijana wenye vipokea sauti masikioni, afiwe upya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mkaguzi yeyote wa shule.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. "Huyo mke mwenzangu wa utani," aliuliza, "bado ana nguvu za kusema upuuzi?"

"Anazo, Mama."

"Basi nipe ile leso ya kisutu."

Walipigwa picha katika nyumba ya jirani, iliyofanana na yetu ukuta kwa ukuta. Mwigizaji wa mjane alisogezwa pembeni, mama akaketi. Mtani aliacha mkongojo wake nje, akavaa koti, akakohoa, akaingia. Alisema yale ya pilau, akasema yale ya mafuta. Kisha akasimama mbele ya mama, akasema jambo ambalo halikuwa kitabuni mwangu wala halikuwa limesemwa siku ile ya kwanza.

"Nimesikia siku hizi mnapikia gesi. Basi mmeniua mara ya pili."

Mama alicheka kwa mwili mzima. Mwongozaji alisahau kuamuru kamera izimwe, na mshika kamera mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Yule mwigizaji hodari alinishika bega akaniambia kwamba hiyo hatairudia, haina haja ya kurudiwa. Nilisimama pale nikiwatazama wale wanawake wawili, na nikawaonea fahari kuliko kitabu chochote nilichowahi kuandika.

Lakini watoto hawakuwa wamesema neno lao bado.

Ukumbi ulijaa. Wadogo walikaa sakafuni, mama zao wakasimama kuzunguka kuta, wachuuzi wa njugu wakapenya katikati. Mjomba muuza vitanda aliwavunja mbavu, na shangazi wa kuku naye vivyo hivyo, maana filamu ilichanganya habari za vitabu vyote na kuuacha msiba uje baadaye. Ulipofika, ukumbi ulinyamaza. Mama aliketi kushoto kwangu. Kwenye ukuta mweupe, mama mwingine aliketi juu ya mkeka. Kikohozi kikasikika, mtani akaingia na koti, akasalimia walaji wa pilau, na hakuna mtoto aliyecheka.

Niliwaza, haya, ndiyo hivyo, anazikwa tena na safari hii ni mimi niliyechimba. Akaenda kwenye stovu. Akatikisa kichwa. Akauliza kama mafuta ya taa yanachotwa mtoni.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, akamgeukia mwenzake. "Walai, huyu mzae ni kama buda yangu. Hivyo ndio hufanya na stima. Anazima taa na bado tuko ndani."

Ukumbi wote ulimsikia akimsema baba yake. Kicheko kilianzia kwake kikapanda mpaka ukutani walikosimama mama zao, na lilipofika neno la gesi hakuna aliyesikia maneno yaliyofuata. Mwongozaji aliinama kutoka nyuma yangu.

"Mwalimu, inabaki."

Nilikuwa nalia, na sijui kulia kwa heshima. Mama hakuwa anatazama ukutani. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake anawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine, uso wake umetulia.

Filamu ilienda ilikoenda, na ikasifiwa na watu ambao sikuwajua. Ninayo fahari ya hayo, nimeshasema siogopi kujivuna. Ila kilichonipata hasa kilinipata alasiri moja ya wikendi, uani kwa mama. Watoto wa majirani walikuwa wanacheza matanga. Yule yule binti wa meno, ambaye kumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka ya mama, alikuwa ametwaa koti la mjomba wake, mikono ikiburuzika chini, anakohoa mlangoni na kuingia akiulizia pilau yake. Wenzake walikuwa wamejipanga kuchukua zamu, na kila mmoja alimfanya baba yangu kwa kikohozi chake mwenyewe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata sukuma wiki. Binti akamgeukia kama nyanya yake.

"Shosh, si niko sawa?"

"Huko sawa hata kidogo," mama alisema.

Aliweka kisu chini. Akainuka kwa kujishika magoti, akajifunga leso kiunoni, akaenda kusimama nje ya mlango wake, mwanamke mfupi aliyepungua zaidi kwa uzee, na mlango ule ukiwa umempita mbali juu ya kichwa.

"Huyo mtani wenu anasahau," alisema. "Yeye mlango huu alikuwa akiupita bila kuinama, na karai la mahamri kichwani. Mume wangu alikuwa mrefu. Alikuwa akiingia hivi."

Akakunja shingo, akainamisha kichwa na bega la kulia, akainua kiganja kuelekea kizingiti cha juu ambacho hakukifikia, akapita taratibu kama mtu aliyewahi kujigonga. Halafu, akiwa ndani, akanyooka, akatazama chini kama pana mtoto anayemngoja, na akatabasamu.

Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na sikuwahi kujua kwamba baba yangu alikuwa mrefu.

"Tena, Shosh," watoto walisema, na akatoka, akafanya tena. Kisha wakajipanga nje, wengine hawafiki hata kwenye kitasa, wakaanza kuingia mmoja mmoja wameinamisha vichwa na mabega ya kulia. Mama alisimama ndani akiwasahihisha shingo. Wa mwisho kwenye mstari nilikuwa mimi.