Kola ya Madame

Emery Kabange anafuga mbuzi kumi na mmoja kwenye njia ya Kipushi, na hajawahi kumwonea wivu mke wake, Olive. Wivu wake wote ni wa mbuzi jike mweupe, jina lake Madame.

Balaa ililetwa na Graciella, agronome, mtaalamu wa kilimo na mifugo, aliyewafunga mbuzi wa mtaa kola za GPS ili ajue wanakozurura. Baada ya wiki aliwaita wafugaji, akawaonyesha ramani. Madame alikuwa akitoka kwa Emery asubuhi na kwenda moja kwa moja kwa jirani Anselme, akikaa huko mpaka jioni.

“Papa Emery, Madame iko na bwana mwingine!” Anselme alicheka. “Kwangu anakulaka machicha ya pombe ya munkoyo. Kwako anakulaka nini? Maombi?”

Kesho yake Emery alimvua Madame kola, aibu isirudi kwenye ramani, akaitia mfukoni. Kisha akamfuata, akajificha nyuma ya choo cha Anselme, akimtazama akishiba kwa watu. Alifanya hivyo wiki nzima.

Mkutano uliofuata, Graciella alikunja uso. “Madame anashinda nyuma ya choo, hatembei. Iko mugonjwa?”

Emery akashika mfuko. Olive, aliyekaa kando yake, akatia mkono mfukoni humo, akaichomoa kola, akamfunga nayo mumewe shingoni mbele ya watu wote.

“Miaka makumi mbili ya ndoa,” alisema, “mie haukunichungaka ata siku moja!”